Amejifungia Nje Tena

Simu ilipoita, Injinia hakuhitaji hata kuangalia ni nani. Jumamosi hiyo jua lilikuwa limeanza kupoa, na yeye ndiyo kwanza amekaa. Miguu juu ya stuli, chai mkononi bado inatoa moshi. Nani mwingine angempigia wakati kama huo?

"Usiniambie," alisema.

Upande wa pili kikohozi kidogo. Halafu ile sauti nzito ya upole, ile iliyokuwa ikimsahaulisha chai siku za mwanzo, na siku hizi inamsahaulisha chai na kumpandisha presha kwa mpigo mmoja.

"Injinia wangu... nimejifungia nje."

"Tena?"

"Tena."

"Si jana tu umejifungia nje!"

"Jana ilikuwa ruta ya pili. Leo ni ya nne."

Alisema hivyo kama mtu anayeripoti maendeleo. Injinia alifumba macho, akahesabu pumzi, hesabu ikakataa.

"Ulitega kabla hujagusa?"

"Nilisahau kutega."

"Utanitoa roho wewe mwanaume. Njoo!"

Sasa, kama hujawahi kufanya kazi ya mitandao, shida yenyewe ni hii. Kwenye kona ya sebule, pale ambapo watu wengine wanaweka televisheni, Injinia alikuwa na kabati la vyuma lisilo na milango, limejaa ruta na swichi zilizotumika, vile visanduku vya kusambaza mtandao, zinanguruma mchana kutwa kama nyuki waliokasirishwa. Ilikuwa mitambo yake ya mazoezi. Kamera, ndiye huyo aliyepiga simu, alikuwa anaingia humo kwa intaneti akiwa kwenye chumba chake cha kupanga upande wa pili wa mji. Ukiwa mbali hivyo, unaitengeneza ruta kupitia njia ile ile uliyoingilia. Ukibadilisha anwani ya njia hiyo bila kujipanga, umekwisha. Ni kama kubadilisha kitasa cha mlango wako ukiwa umesimama nje, na ufunguo mpya umeuacha mezani ndani. Hapo hakuna ujanja. Lazima mtu aende kwa miguu yake mpaka kwenye ruta, achomeke ile kebo nyembamba ya buluu, aingie kwa mlango wa nyuma.

Dawa ya kuzuia ipo, tena ni ya kitoto. Kabla hujagusa njia yako, unaiambia ruta: nisiposema kitu ndani ya dakika kumi, jizime, uwake upya, urudi ulivyokuwa. Kisha ndiyo unabadilisha. Ukijifungia, unakunywa maji, unasubiri, mlango unafunguka wenyewe. Kwenye nyumba hii wanaita kutega. Ndilo somo la kwanza kabisa Injinia alilomfundisha Kamera. Na akamwekea sheria, ile ile anayowawekea vijana wa kazini kwake hospitali: aliyevunja ndiye anatengeneza, kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna kumchomekea mtu kebo.

Kwa hiyo kila Kamera alipojifungia nje, ilibidi aje. Na wiki hii alikuwa amejifungia kila jioni ya Mungu.

"Nani huyo?" aliuliza Shangazi kutoka kwenye kochi. Alikuwa anafuma kitambaa cha meza, sindano inakwenda, macho yote kwa mpwa wake.

"Unamjua."

"Amejifungia nje?"

"Amejifungia nje."

"Mtu mzima wa miaka arobaini na moja," Shangazi alisema akikiambia kitambaa. "Na mtihani Alhamisi. Mimi sisemi kitu."

"Ahsante, Shangazi."

"Nasema tu kwamba wewe una thelathini na nne. Basi. Sisemi lingine."

Mezani, mbele ya kompyuta, baba yake Injinia aliinua kidole juu bila kugeuka. "Kelele! Nipo katikati ya jambo."

Sasa na huyu baba naye. Mzee alikuwa fundi wa simu maisha yake yote, zile simu za nguzo na nyaya, akastaafu, mkewe akafariki, akabaki anazunguka nyumba kama mtu aliyepoteza miwani. Kamera alipokuja kujitambulisha, amevaa shati la kukopa linalombana shingo, mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akatoa hukumu.

"Mimi sina neno na umri wako," alimwambia. "Kufunga kamera za ulinzi ni kazi safi, sina neno nayo. Lakini huyu binti ana cheti cha juu kabisa cha mitandao tangu ana miaka ishirini na sita. Alfajiri anapigiwa simu, mtandao wa hospitali umelala, anaruka kitandani. Siku mume wake atakapomuuliza, 'kwani huko ni wewe peke yako unayejua?' hapo hakuna ndoa tena. Nenda kakipate na wewe. Ukishaonja uchungu wake, njoo tuongee."

Kamera akasema sawa. Akasoma, akaenda, akafeli. Akarudi tena, akafeli kwa kidogo. Na katikati ya hapo Shangazi, kwa uchokozi wake, akamuuliza kaka yake, "Na wewe unayempima mwenzio, hicho cheti unakijua?" Mzee alinuna siku nzima. Kesho yake akaenda kununua miwani mpya na akajiandikisha mtihani. Ana miaka sitini na nane, anachapa kwa kidole kimoja, na ruta ya tatu anaiita Meneja kwa sababu ina taa nyingi na haifanyi kazi.

Basi ndiyo hali. Wanaume wawili, mtihani mmoja, Alhamisi moja. Watafungiwa kutwa nzima kwenye chumba, kila mtu na mtandao wake ulioharibiwa makusudi, autengeneze, na hakuna wa kumuuliza. Na katikati yao Injinia, ambaye alishamaliza hayo mambo zamani, anatoka kazini amechoka, anakuta meza yake ya kulia imegeuka uwanja wa vita.

Kamera aliingia bila kukimbia, kama kawaida yake, kwa ule mwendo wa mtu aliyezoea kubeba ngazi begani. Alikuwa mrefu, ndevu zimeanza kuingia mvi kidevuni, na ana tabia moja mbaya: akimwangalia Injinia, anamwangalia kwa utulivu mpaka mtu unasahau ulikuwa umeandaa maneno gani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekanyaga ruta yangu."

"Ruta ipi, mzee?"

"Ya nne! Nilikuwa nimeitengeneza vizuri, imepita, inaongea na wenzake. Ghafla kimya. Nikajua tu. Nikasema, mkwe hewa yupo hewani."

"Nisamehe, mzee. Niliteleza."

"Unateleza sana, wewe."

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibu. Umekuja kwa miguu au kwa mtandao?"

Shangazi alicheka peke yake. Injinia hakucheka. Alisimama mbele ya kabati la vyuma, mikono kiunoni, na Kamera alipomkaribia alinusa ile sabuni yake ya bei rahisi yenye harufu ya ndimu, akakasirika zaidi kwa sababu aliipenda.

"Kebo ile pale ukutani," alisema. "Unapajua."

"Napajua."

"Utakuwa unapajua kuliko kwako."

"Umechoka, mpenzi," Kamera alisema chini chini, kwa ajili ya masikio yake tu.

"Nimechoka na wewe."

"Umekula?"

"Usiniulize habari za kula! Niambie kwa nini mtu anayefanya mtihani Alhamisi bado anasahau kutega. Jambo la siku ya kwanza! Hivi ukiwa mle chumbani ukajifungia, utampigia nani? Utamwambia msimamizi, samahani, nampigia mchumba wangu?"

Kamera aliinamisha kichwa, akachukua kebo ya buluu kwenye msumari. Alitaka kuichomeka. Ndipo mzee aliposogeza kiti.

"Kamera. Hebu acha hiyo kwanza. Njoo hapa kwenye mashine yangu."

"Mzee?"

"Badilisha anwani ya Meneja. Kwa mbali, kama unavyofanya ukiwa kwako. Nataka nione unavyojifungia."

"Baba, mwache afungue kwanza ya nne," Injinia alisema.

"Mama, nyamaza kidogo." Mzee alimwita binti yake mama siku zote, kwa kuwa alimpa jina la mama yake mzazi. "Mimi ni mwanafunzi. Nataka kujifunza kwa makosa ya mwenzangu. Kaa, Kamera."

Kamera alikaa. Mzee alisimama nyuma yake, miwani kwenye ncha ya pua. Injinia naye alisogea, maana tabia ya kazi ni tabia ya kazi, skrini ikiwa wazi huwezi kuacha kuangalia.

Vidole vya Kamera vilianza kwenda. Na kitu cha kwanza kabisa, kabla ya anwani, kabla ya chochote, vilitega. Hakufikiri. Hata kuangalia hakuangalia, macho yake yalikuwa bado kwa mzee, anatikisa kichwa kuonyesha heshima, na vidole vyenyewe vikaandika ule mtego wa dakika kumi kama mtu anavyofunga vifungo vya shati. Akafungua njia ya pili. Akahamia huko. Akabadilisha anwani, akajaribu, ikajibu. Akautegua mtego. Safi kabisa, wala hapakuwa na pa kupulizia vumbi.

Halafu akagundua alichofanya. Vidole vikabaki vimeelea juu ya vibonye.

 Sindano ya Shangazi ilisimama.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, polepole, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

"Nimepanda nguzo za simu mpaka magoti yakanikatalia," alisema. "Kule juu kuna mafundi wa aina mbili. Kuna wanaofunga mkanda wakikumbushwa. Na kuna ambao mkono wenyewe unafunga mkanda, hata uwaamshe usingizini. Hao wa pili hawaanguki. Wewe bwana ni wa pili. Sasa niambie, kila jioni unaangukaje kwenye nyumba yangu?"

Kamera alirudisha mikono mapajani. 

"Wewe," Injinia alisema.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Wewe! Umekuwa ukijifungia makusudi?"

"Sio kila siku."

"Sio kila siku!"

"Ile ya Jumatatu ilikuwa kweli."

Hapo Injinia alipandisha sauti mpaka majirani wakapata habari. Alisema habari za mtihani Alhamisi. Alisema habari za kuacha kazi zake kumwandalia mazoezi. Alisema alivyokaa kitandani akijiuliza kama mwanaume huyu kichwa chake kina shida, na kama ni kosa lake yeye mwalimu. Alisema, na hii aliisema mara mbili, kwamba huyu si mtu, ni adhabu.

"Punguza," mzee alisema, akivaa miwani yake. "Na usimpigie kelele peke yake. Kebo iko pale kwenye msumari, mkono unao. Ungeichomeka wewe, angebaki kwake. Mbona hujamchomekea hata siku moja?"

"Ni sheria, baba! Aliyevunja ndiye..."

"Mm."

"Ni sheria ya kazi!"

"Mimi nikivunja huwa unanichomekea."

Shangazi alijifunika uso kwa kitambaa chake, mabega yanatikisika. Injinia alihisi mashavu yanawaka moto. Alimshika Kamera mkono wa shati, akamburuta kupitia jikoni mpaka uani.

Uani kulikuwa na kamba ya nguo, shuka za Shangazi zimeanikwa, na wao wakasimama katikati ya shuka mbili kama watu waliojificha mvua.

"Sema," Injinia aliamuru.

"Nilitaka kukuona."

"Ungesema unakuja kuniona!"

"Kwa mlango upi? Nikija mikono mitupu baba yako ananiuliza nimefikia sura ya ngapi. Nikija na ruta iliyokufa nakaribishwa mpaka ndani, na wewe unanisimamia karibu, unanigombeza. Basi. Nikaona bora kugombezwa."

"Bora kugombezwa," Injinia alirudia. "Mungu wangu. Umefeli mara mbili! Hizo jioni zote ulitakiwa usome!"

"Nilisoma asubuhi. Naamka kabla ya mafundi wenzangu, nasoma mpaka macho yanauma. Nimeanza haya mambo na miaka thelathini na tisa, Injinia, hayaingii haraka kama yalivyoingia kwako. Yanaingia, lakini yanagonga hodi kwanza."

Injinia alikuwa karibu kutabasamu. Alipomwona uso wake, tabasamu likarudi lilikotoka.

"Kwa hiyo utapita?" aliuliza.

"Sijui."

"Jibu gani hilo?"

"La kweli. Inawezekana nikapita. Inawezekana nikafeli. Na nimekuwa nikijiuliza kitu kimoja, nikaona nije nikuulize, na kila nikija nakuta baba, nakuta Shangazi, nakuta Meneja." Alishika ukingo wa shuka, akaukunja, akaukunjua. "Nikipita, baba yako atasema ndiyo. Nikifeli, baba yako atasema hapana. Hiyo ni ya baba. Wewe je?"

"Mimi nini?"

"Nilikuuliza wewe kwanza. Kabla ya shati la kukopa. Pale kwenye ngazi za hospitali, nilipokuja kufunga kamera za mapokezi. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Alikumbuka. Ilimwingia kama maji ya baridi. Alikuwa amesema, 'Nenda ukaongee na baba.'

"Sijawahi kusikia lako," Kamera alisema. "Mpaka leo."

Injinia aliangalia pembeni, kwenye ukuta, kwenye ndoo, popote. Siku ile baba alipotoa hukumu ya cheti, yeye alilalamika mbele za watu, akasema baba amezidi. Lakini usiku, peke yake, alichokisikia kifuani kilikuwa nafuu. Aliijua ile nafuu, na alijua ilikotoka. Alipopata cheti, akiwa na miaka ishirini na sita, alikuwa na mchumba. Alikimbia mpaka kwake na habari njema, anahema. Yule kijana aliisoma ile karatasi, akamrudishia, akasema, 'Sasa mimi nitakuwa nakuambia nini?' Wiki haikuisha, hakuwepo. Tangu hapo Injinia akikaribiwa na mtu anayempenda anajikuta anatafuta kitu cha kuweka katikati. Safari hii baba alimpatia kizuri, tena chenye muhuri.

"Nilifikiri," alisema, "ukikipata na wewe, hutakuja kuniona mkubwa."

"Mbona wewe ni mkubwa? Umenizidi. Hata nikikipata utakuwa umenizidi." Alisema bila uchungu wowote, kama mtu anayesoma mita ya umeme. "Mimi nafunga kamera, Injinia. Nitaendelea kufunga kamera. Cheti nakitaka, tena sana, nimenogewa, mtandao ukiwaka wote nasikia raha hapa. Lakini nakitaka kama ninavyotaka kitu changu. Sitaki kiwe tiketi ya kuingilia kwako. Tiketi mtu akiipoteza anatolewa nje."

Injinia alishika kamba ya nguo. Maneno yalikuwepo, yamejipanga foleni, hakuna lililotaka kutangulia.

Kamera alisubiri. Alisubiri vya kutosha, kisha akatikisa kichwa taratibu.

"Haya. Mtihani nitafanya. Mazoezi nitamalizia kwangu. Msalimie mzee."

Akapita kati ya shuka, akashika njia ya pembeni kwenda getini. Injinia alibaki anamsikiliza anavyokwenda. Shuka lilimpiga usoni, akalisukuma, likarudi, akalisukuma kwa hasira, akamfuata.

Geti la nyumba ile lilikuwa na ugonjwa wake. Ukivuta tu, halifunguki. Lazima uliinue kidogo, ulisukume kwa goti, ndipo uvute. Wageni wote lilikuwa likiwaaibisha. Kamera alikuwa amesimama pale, mgongo umemgeukia, anavuta. Anavuta. Geti kimya.

Injinia alisimama.

Mtu huyu alikuwa ameingia na kutoka kwenye geti hili miezi na miezi. Alilijua kuliko Shangazi. Kuna siku alilipaka grisi mwenyewe.

"Liinue," alisema.

"Limekwama," alisema Kamera bila kugeuka.

"Halijakwama. Liinue."

"Leo limekwama kweli."

"Kamera."

"Naam."

"Unanifanyia tena?"

Mabega yake yalishuka. Aligeuka. Macho yalikuwa mekundu, na usoni alikuwa na aibu ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Mguu umekataa kwenda," alisema. "Nikaona nilipe geti lawama."

Injinia alitaka kupiga kelele. Aliivuta pumzi kabisa kwa ajili hiyo. Kilichotoka ni kicheko, kicheko kibaya cha hasira kilichomkunja tumbo mpaka akashika ukuta, na alipokuwa anajifuta machozi hakujua tena ni ya nini.

"Unanichosha!" alimwambia. "Unasikia? Hakuna mtu duniani anayenichosha kama wewe! Mtu mzima, unazungumza kwa ruta, unazungumza kwa geti! Na mimi nazungumza kwa baba. Nani mwendawazimu zaidi?"

"Tunakaribiana."

"Nyamaza. Ndiyo."

"Ndiyo nini? Ninyamaze?"

"Ndiyo, Kamera! Ndiyo ile ya kwenye ngazi za hospitali. Ya kwangu, sio ya baba. Leo, kabla ya Alhamisi. Ukifeli, utafeli ukiwa mchumba wangu, utarudi hapa unune, nitakukandia macho. Ukipita, hutapata kitu cha zaidi, maana umeshapewa chote. Umeelewa, au nikuchoree?"

Kamera alimwangalia kwa ule utulivu wake, na kwa mara ya kwanza Injinia hakutafuta pa kupeleka macho. Alimsogelea mpaka ile harufu ya ndimu ikawa yote ya kwake. Mkono mpana wenye makovu ya bisibisi ulimshika shavu.

"Nichoree," alisema.

"Toka!" Lakini hakumwachia.

Waliporudi ndani wameshikana mikono, mzee na Shangazi walikuwa wamekaa wameshughulika mno, kama watu ambao hawakuwa dirishani sekunde moja iliyopita. Pazia la jikoni bado lilikuwa linacheza.

"Baba," Injinia alisema, "nimemkubali. Sijasubiri mtihani. Sikuombi ruhusa ya kujibu, nakuomba baraka."

Shangazi alivuta pumzi ya kupiga kigelegele. Mzee aliinua kile kidole chake.

"Subiri kwanza." Alimwangalia binti yake kwa muda mrefu. "Nilikuwa najiuliza utasubiri mpaka nifaulu mimi? Maana kwa kidole kimoja ingekuwa safari." Akakishusha kidole. "Baraka mnazo. Piga sasa."

Shangazi akapiga, nyuki wa kwenye kabati wakazidiwa.

"Lakini mtihani uko palepale!" mzee alipaza sauti. "Alhamisi tunakwenda wote. Mimi sijasoma kote huku ili niende peke yangu kama yatima. Kaa chini, mkwe. Ile ya nne bado imekufa, na ya pili inahitaji anwani mpya. Nionyeshe tena ule mkono wako wa fundi."

Kamera alikaa. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepigwa na kitu kichwani. Mzee nyuma yake, Injinia pembeni, mkono wake begani kwake. Vidole vikaanza kwenda, lakini macho yake hayakuwa kwenye skrini, yalikuwa kwenye ule mkono begani. Akaandika anwani. Akabonyeza.

Skrini ikaganda.

 Ruta ya pili ikaangaza taa zake, haimjui tena mtu.

"Hukutega," Injinia alisema.

"Sikutega," Kamera alisema, ameduwaa.

Mzee aliinama, akachungulia skrini, akamchungulia usoni. "Hii ni makusudi?"

"Wallahi, mzee. Hii ni kweli."

Mzee alimgeukia binti yake. "Mama. Una uhakika ni huyu?"

Injinia aliangalia dari. Akashusha pumzi ndefu, ile ya mtu aliyepewa mzigo na amekataa kuutua. Kisha akaenda mwenyewe mpaka ukutani, akatoa kebo ya buluu kwenye msumari, akapiga magoti mbele ya kabati, akamchomekea.

"Ni huyu huyu," alisema.